Viatu vya Divisheni ya Babu

Kabla hujasikia kwa mwengine, wacha nikwambie mwenyewe: ni kweli nilimwaga kahawa ya mzee wa watu mbele ya miguu yake, mchana kweupe, nyanya yangu amesimama mlangoni na sahani ya kashata. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, si mtoto wa kusema hajui. Na mzee mwenyewe hakuwa mtu baki, alikuwa mtani wa babu yangu. Huku kwetu kusini, kuanzia Diani mpaka Msambweni, mtu anayemkasirikia mtani huangaliwa kama mtu aliyekutwa mchana wa Ramadhani na makombo ya mahamri kidevuni. Mtani ni yule aliyepewa ruhusa ya kukutukana na kukuchukulia vitu vyako, na wewe ukapewa ruhusa hiyohiyo juu yake. Akija msibani kwenu anaweza kumwigiza marehemu sauti na mwendo mpaka wafiwa wacheke. Kumkasirikia ni mwiko.

Mimi nilikasirika. Lakini ngoja, usinihukumu bado. Kisa hiki hakianzi na kahawa, kinaanza na divisheni.

Babu yangu ni mzaliwa wa Msumbiji. Ujana wake aliumalizia kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya kule, upande wa serikali, kwenye divisheni ya askari wa miguu. Askari wa miguu, alivyonieleza, ni askari asiyepanda kitu. Si ndege, si kifaru, si lori. Ni wewe, bunduki yako, na sufuria ya mwenzako inayokugonga kisogoni kutoka asubuhi mpaka jioni. Vita vilipoisha akaendelea kutembea, kwani kazi gani nyengine alikuwa anaijua? Akavuka mto Ruvuma, akaipita Tanzania yote pwani kwa pwani, akaingia Lunga Lunga, akafika Msambweni akamkuta nyanya yangu, Mdigo, mjane, anauza viazi vya karai kando ya barabara kuu. Akala sahani tatu. Akauliza kama pana mtu anataka mwiko wa kupikia. Akachonga mwiko, akasilimu, akaoa, na mpaka leo anachonga miiko na mbuzi za kukunia nazi. Mama yangu wakati huo alikuwa msichana wa miaka tisa, tayari ana baba yake kaburini. Kwa hiyo damu ya babu mimi sina hata tone. Ukitaka kuniona vizuri, niambie kwamba si babu yangu wa kweli. Wee sema tu.

Mimi ni fundi wa simu pale Ukunda. Shule niliiacha kidato cha pili, ufundi nimejifunza mwenyewe kwa kuua simu za wajomba zangu moja baada ya nyengine. Siku moja mteja mmoja, kijana wa bara aliyekuja kufanya kazi hotelini Diani, alimwona babu kibandani kwangu, ameniletea chakula. Alipoondoka nikamwambia kwa maringo, "Yule mzee ni mwanajeshi. Divisheni nzima ilikuwa inamjua."

Akacheka. "Yule mzee wa miiko? Mwanajeshi wa wapi?"

Nilimrudishia simu yake ikiwa imefunguliwa, kioo mkono huu, skrubu mkono huu, nikamwambia akatafute fundi mwengine. Jioni hiyo nikanunua daftari kubwa la jalada gumu. Nikaandika ukurasa wa kwanza kwa kalamu nyekundu: Historia ya Divisheni. Kama vitabu havimtaji, basi kitabu chake nitakitunga mimi, na aje mtu anibishie.

Miezi minne nikawa kila nikitoka kazini nakaa na babu barazani, yeye anachonga, mimi naandika. Wallahi sijawahi kucheka vile maishani. Nilitegemea mizinga na moshi, nikapata vituko. Kwa karatasi, alisema, divisheni ilikuwa na maelfu ya watu. Kwa sufuria, ilikuwa na mia tano. Kamanda wa kombania yao alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya vita, na tabia haikumtoka: akitaka watu wa kujitolea anasema, "Nyoosheni mikono," na ukichelewa gwaride unasimama pembeni kwa mguu mmoja, bunduki kichwani. Kulikuwa na kwaya ya divisheni. Siku zisizokuwa na risasi ilikuwa inapelekwa ukingoni mwa mto ikaimbe, ili upande wa pili udhani kwamba divisheni imeshiba.

"Na mlikuwa mmeshiba?"

"Tulikuwa tunakula mabibo," babu akasema. "Wiki tatu, mabibo tu, yale matunda ya mkorosho. Asubuhi mabibo, usiku mabibo. Kombania nzima tumbo limeharibika. Adu..." Akajikata ulimi. "Wale wa ng'ambo wangekuja siku hiyo wangetukuta sote vichakani, suruali chini, divisheni imechuchumaa."

Nyanya akapiga kelele kutoka jikoni, "Hayo nayo utayaandika?"

"Nayaandika!"

Siku moja tu hakucheka. Nilimwomba majina ya platuni yake. Akayataja yote, thelathini na moja, bila kusita, randa inapita juu ya mti kila jina likitoka, na kwenye majina ishirini na mbili akasema, "Huyu alibaki." Sikuuliza alibaki wapi. Niliandika tu. Kisha akaomba chai.

Nikauliza pia kuhusu miguu yake. Nyayo za babu zimechanika vibaya, zina makovu kama ubao wa kukatia nyama. Akaniambia walitembea pekupeku vita vizima.

"Pekupeku kwa nini, babu?"

Akafikiri kidogo. "Kwa ushujaa," akasema.

Nikaandika kwa herufi kubwa: WALITEMBEA PEKUPEKU KWA USHUJAA. Nikapiga mstari chini, mara mbili.

Sasa huyu mtani. Huyu mzee anakaa Gazi, kwenye mikoko, anafuga nyuki na anapanda miche ya mikoko pamoja na kina mama wa pale. Yeye pia ni wa Msumbiji, yeye pia alipigana vita vilevile, na eneo lilelile, kwenye mto uleule. Ila upande wa pili. Alikuwa muasi. Walikutana hospitali ya Msambweni, miaka mingi sana kabla sijazaliwa, kila mmoja amekwenda kuosha vidonda vya nyayo. Babu alipoguswa na dawa akatukana kwa lugha ya kwao, na kutoka benchi la nyuma mtu akaitikia tusi kwa lugha ileile. Wakaulizana: wewe ulikuwa wapi? Na wewe? Babu anasema wagonjwa wote waligeuka. Kisha yule mwengine akauliza, "Nyinyi ndio mliokuwa mnaimba?" Babu akasema ndiyo. "Basi, kamarada, mwenzangu, sauti ya tatu ilikuwa mbovu, tuliteseka sana." Wakacheka mpaka muuguzi akawaambia watoke nje.

Hapo ndipo walipojitungia utani wao. Kwa Wadigo utani ni wa ukoo na ukoo, umerithiwa tangu mababu, lakini wao walisema vita navyo ni ukoo. Wazee wa Msambweni walipowasikia wakaona sawa. Sheria zikawa mbili. Atakayekasirika atalipa jogoo. Na neno "adui" halitatajwa baina yao, hata kwa mzaha, mpaka kufa. Mengine yote ruhusa.

Basi kila Ijumaa baada ya alasiri mzee wa Gazi huja kwetu. Anaingia bila hodi, anatazama huku na huku, anachukua mwiko uliochongwa wiki hiyo, anautia kwapani na kusema, "Ngawira!" Na babu akienda Gazi anarudi na chupa ya asali, naye anasema, "Ngawira!" Mimi ananiita "mke wangu," kama wazee wote wanavyowaita wajukuu, lakini tangu mdogo wangu aposwe ikawa balaa: "Mke wangu, mdogo wako amekupita kama pikipiki inavyompita mwenye mkokoteni. Nisubiri mimi tu, nikiota meno nitakuoa."

Nilikuwa namvumilia. Napenda kusema nilikuwa nampenda, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa namvumilia, kwa sababu alikuwa anamcheka babu na mimi moyo wangu hauna mlango wa kupitisha jambo hilo.

Ijumaa hiyo ilikuwa imebaki wiki moja na siku moja kabla ya arusi ya mdogo wangu. Daftari lilikuwa limejaa nusu na zaidi. Nikaona fahari. Nikasema wacha nimsomee huyu mzee ajue ni nani alikuwa anapigana naye. Nikamsomea ile kwaya, akacheka. Nikamsomea mabibo, akajipiga paja. Nikafika pale.

"Rudia hapo, mke wangu. Hapo pa miguu."

Nikarudia.

"Pekupeku kwa nini?"

"Kwa ushujaa."

Akaweka kikombe chini taratibu. "Kamarada," akamwita babu, "umemwambia mtoto ushujaa?"

Babu ameinamia mbuzi ya nazi anaikwangua, mabega yanamtetemeka. Mimi nikadhani ni uchungu.

"Viatu mlikuwa mmeletewa," mzee akasema. "Vipya, vya ngozi, vinanukia dukani. Mkavikimbia! Divisheni nzima hiyo, mbio, viatu vimebaki nyuma vinaitana: jamani, mbona hatuvaliwi?"

"Babu yangu hakukimbia," nikasema.

"Alikimbia vizuri sana! Mimi nilikuwa nyuma yake. Mgongo wake naujua kuliko nyanya yako."

Nyanya mlangoni akaanguka kicheko. Na mimi ndipo kikombe nikakichukua mbele yake, nikaimwaga kahawa chini, karibu na vidole vyake. Nikasema, "Toka kwa babu yangu. Wewe si mtani. Ulikuwa adui na mpaka leo ni adui."

Nilivyolitamka lile neno hata kuku waliokuwa wanaparura uani niliwaona wamesimama. Randa ya babu ikanyamaza. Mzee wa Gazi alikuwa keshautia mwiko wa wiki hiyo kwapani. Akautoa, akaufuta vumbi kwa kiganja, akauweka juu ya mkeka mbele ya babu, sawasawa, kama mtu anayerudisha kitu alichoazima. Akavaa kofia yake.

"Haya," akasema. "Nimesikia."

Akaenda zake.

Nilisubiri babu anigombeze. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniua. Kesho yake nilikaa na daftari, nikamwuliza nini kilitokea baada ya mto. Akasema hakumbuki. Siku ya pili hakumbuki. Mtu aliyetaja majina thelathini na moja bila kusita! Siku ya tatu hata kuchonga hakuchonga.

"Babu, kwani nimefanya nini? Alikuwa anakuita mwoga."

Akaniangalia kwa upole, kama ananionea huruma. "Mjukuu wangu, mke wangu ameniona nikichonga. Mama yako ameniona nikichonga. Wewe umeandika ninayokwambia, na mimi naweza kukudanganya. Hapa Kwale nzima, nani mwengine anajua kwamba mimi nilikuwa pale?"

Mimi, nisiyekosa jibu hata kwa polisi wa barabarani, nikafunga daftari.

Kisha akamwambia nyanya, kana kwamba anazungumza habari za hali ya hewa, kwamba siku ya arusi yeye hatakaa mbele ya watu. Atakaa nyuma ya nyumba na wapishi. Mlango wa arusi usio na mtani wa kumzibia bwana arusi, alisema, ni mlango wa choo. Mdogo wangu alilia, akaniambia maneno ambayo siyaandiki.

Nikachukua simu, nikaanza kumrekodia mzee wa Gazi ujumbe wa sauti. "Shikamoo babu. Mimi ni mjukuu wako, naomba samahani sana kwa..." Nyanya akaipokonya simu mkononi, hata sikumwona anakuja.

"Unataka kuua kabisa?"

"Si naomba msamaha!"

"Mtani haombwi msamaha! Ukimwomba msamaha ndiyo umesema kulikuwa na ugomvi. Ukishasema kulikuwa na ugomvi, basi wao si watani tena, ni wazee wawili waliopigana." Akaifuta ile sauti, kwa kidole kimoja, polepole, maana simu kubwa hazijui vizuri. "Utakwenda kwake. Utampelekea jogoo wa faini. Na utamtukana mbele ya watu wake, tusi zuri, mpaka acheke. Asipocheka, rudi ukajaribu kesho."

"Nimtukane nini?"

"Si ndiyo kazi uliyosomea, kusema?"

Jumatano nikafunga kibanda, nikapanda bodaboda mpaka Gazi na jogoo kwapani. Yule jogoo alikuwa mwekundu, mkorofi, alinidonoa njia nzima. Nilikuwa nimeandika matusi saba nyuma ya daftari, nimeyakariri, moja linahusu masikio yake, moja nyuki wake. Nikaambiwa yuko mikokoni, maji yamekupwa, wanapanda.

Nikawaona kwa mbali: kina mama kama kumi, leso zimefungwa viunoni, na mzee katikati ana ndoo ya miche. Mimi nilikuwa nimevaa viatu vyangu vyeupe vya kwenda mjini. Kuna njia ya mbao pale ya kupita juu ya tope, lakini mtu mwenye hasira na haraka haoni mbao. Nikakata moja kwa moja.

Hatua ya tano tope likanishika. Hatua ya sita likanifika magotini. Nikavuta mguu wa kulia ukaja. Nikavuta wa kushoto ukaja pia, ila peke yake. Kiatu kimebaki chini kule, tope likafunga juu yake, "plop," kama mdomo wa mtu aliyemeza. Jogoo akaona nafasi yake, akapiga mbawa usoni mwangu, akaruka mpaka kwenye mzizi wa mkoko, akasimama pale akawika.

Kina mama wote wamegeuka. Mzee amegeuka. Matusi yangu saba sikumbuki hata moja. Nimesimama kwa mguu mmoja katikati ya bahari ya tope, kama mwanafunzi aliyechelewa gwaride.

Mzee akanitazama. Akautazama ule mguu mtupu. Nikaona ndevu zake zinacheza.

"Kina mama," akasema, "sasa mmeamini? Siku zote nawaambia hamtaki kusikia. Huyu ni wa divisheni. Hata vita havijaanza, keshaacha kiatu!"

Wale wanawake walicheka mpaka mmoja akakaa kwenye maji. Na mimi, hasira ikanipanda hapa, kooni, ileile ya kila siku, lakini safari hii ilipofika mdomoni ikageuka:

"Basi kichimbue, babu! Si ndiyo vita vyenu mlivyopigana, kuokota viatu vya wanaume walioondoka? Na ukikipata usikivae, kitakubana, mguu wenyewe kama kasa!"

Kisha mzee akaiachia ndoo. Akacheka kicheko kile cha kukosa pumzi, akashikilia mkoko, mkoko ukapinda, akaenda chini matakoni, chubwi, tope mpaka kwenye kofia. Kina mama wakaanza vigelegele. Mmoja akamkamata jogoo. Mwengine akanifikia na mti akanivuta.

Tulikaa juu ya ile njia ya mbao tunaosha miguu kwa maji ya ndoo, na ndipo akaniambia habari ya viatu. Siku ile ya mto, anasema, waasi walivamia alfajiri, divisheni ikarudi nyuma, ikaacha masanduku. Wao pekupeku miezi sita, wakayarukia yale masanduku kama ni pilau. Wakafungua la kwanza: viatu vya mguu wa kulia. La pili: vya kulia. Masanduku yote, vya kulia.

"Vyote?"

"Vyote, mke wangu. Wengine walivaa hivyohivyo, kulia na kulia. Kikosi kizima kinakwenda kinaelemea upande. Tulitembea siku mbili, tukatokea pale tulipoanzia."

"Na vya kushoto?"

"Mpigie babu yako umwulize."

Nikapiga, nikaweka sauti nje. Babu akapokea. Mzee hakusema kitu, aliniashiria tu niulize.

"Babu, viatu vya kushoto vilikuwa wapi?"

Nikamsikia anakohoa. Kisha babu, kwa sauti ndogo: "Vya kushoto vilikuja wiki ya kabla. Tulikuwa tumeshagawiwa. Tunangoja kugawiwa vya kulia."

"Kwa hiyo si ushujaa!"

"Ungeandika nini? Kwamba divisheni ilikuwa na mguu mmoja?" Kisha akauliza, pole sana, "Uko na nani hapo?"

Mzee akanipokonya simu. "Uko na jeshi lililokamata viatu vyako! Na ile barua yetu mpaka leo hamjaijibu!"

Na kweli, kulikuwa na barua. Waasi waliandika, wakaituma na kitambaa cheupe: tupeni viatu mia mbili vya kushoto, tutawapa mia mbili vya kulia, halafu tuendelee kupigana. Ikafika kwa yule kamanda mwalimu. Akaisahihisha. Akazungushia makosa wino mwekundu, akatoa alama nne kwa kumi, akairudisha na neno moja chini: "Rudia." Waasi wakakasirika hawakurudia, na majeshi mawili yakaendelea kupigana pekupeku, kila moja limelalia nusu yake.

Nilikuwa nasikia babu anacheka ndani ya simu, mzee anacheka pembeni yangu, na mimi nalia kwa kucheka, na daftari nimeliacha nyumbani.

Ijumaa ilipita hakuja, na sikujua bado kama arusini atakuja. Mtani haulizwi kama atakuja.

Jumamosi nyumba ilijaa. Ukoo wa bwana arusi ulitoka Kinango, watu wazito, wapole, wamekuja na mbuzi wawili na heshima zao. Saa nne babu alikuwa amekaa nyuma na wapishi kama alivyosema, amevaa kanzu mpya, anachambua mchele uliokwisha kuchambuliwa. Saa tano yupo. Kila nikipita namwona anatega sikio barabarani. Nikapika, nikagombana na mpiga picha, nikapika.

Saa sita kasoro tukasikia sufuria zinapigwa. Wakatokea: kina mama wa Gazi wote kumi, na miiko na vifuniko, na mbele yao mzee, amevaa koti la suti, fimbo begani kama bunduki. Hakusalimia mtu. Akapita katikati ya wageni, akapita jikoni, akamkuta babu na ungo wake wa mchele.

"Mikono juu!"

Babu akainua mikono, ungo ukamwagika. Mzee akafungua leso ya mmoja wa wale kina mama, akamfunga babu mikono yote miwili, fundo la kweli, akamtoa mbele kama mateka, akampitisha mkeka kwa mkeka. Vigelegele! Nyanya anapiga sinia. Mdogo wangu, hina bado mbichi mikononi, amechungulia dirishani anaruka. Kisha mzee akamsimamisha babu mlangoni, akauziba mlango kwa fimbo, bwana arusi asipite.

Mjomba wa bwana arusi, mzee wa Kinango, hakuelewa. Akanijia mimi kwa wasiwasi. "Binti, huyu mzee aliyefungwa amefanya kosa gani?"

Nikafungua mdomo. Lakini mtani alikuwa amemsikia.

"Mnataka kujua kosa lake?" akasema kwa sauti ya kufika barabarani. "Mnamwona huyu, fundi wa miiko? Siku ya mto divisheni yao ilipokimbia, mimi nilikuwa ng'ambo na bunduki. Nikamwona mmoja anarudi. Wote wanakwenda kule, mpumbavu mmoja anarudi huku, kwenye risasi, pekupeku, anakwenda kumbeba mwenzake aliyeanguka. Nikamlenga. Nikapiga. Nikakosa. Nikapiga tena, nikakosa! Akambeba akaenda naye. Kosa lake ni hilo: ameniaibisha. Ningekuwa na shabaha, leo hapa hamna arusi, hamna pilau, na huyu mke wangu mwenye mdomo asingekuwa na wa kumtetea!"

Watu hawakujua wacheke au wanyamaze. Mimi nilimtazama babu. Miezi minne nimeandika, hilo hakuniambia.

"Muongo huyu," babu akasema. "Hata bunduki alikuwa hana, alikuwa mpishi." Lakini machozi yalikuwa yanamshuka, na mikono imefungwa hawezi kuyafuta. Mtani akavuta ncha ya ile leso, akamfuta yeye, jicho moja, jicho la pili, bila haraka. Akawageukia wageni.

"Tazameni, wa Kinango. Mateka wa upande wao hulia hivi. Wa kwetu hawakulia, walikuwa wanaomba chumvi."

Mjomba wa bwana arusi ndiye aliyeanza kucheka, na baada yake wakacheka wote, na bwana arusi akapita chini ya fimbo kwa kuinama, na watu wakaingia kula. Babu alikataa kufunguliwa. Mtani akakaa naye mkeka mmoja mbele kabisa, akamlisha pilau kwa mkono wake, tonge kwa tonge, na kila nyama nzuri akimwonyesha kwanza, kisha anaitia kinywani mwake mwenyewe.